Vigingi Mia Tatu na Kumi na Moja: Maisha ya Mpima Njia za Kileleni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Vigingi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya mwisho pale lami inapokomea, mtoto wa pili wa fundi bomba na mshona nguo. Mama yake alisimulia kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja mfululizo, na mkunga alifika ameshika viatu mkononi. Marehemu kila akisikia habari hiyo aliuliza kitu kimoja tu: mkunga alipita njia gani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Akiwa darasa la nne, mwalimu wa jiografia aliwaambia wanafunzi wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Yeye akachora na madimbwi, yote tisa, kila moja na kina chake. Akapewa tatu kwa kumi, kwa maelezo kwamba dimbwi si kitu cha kuwekwa kwenye ramani. Wiki hiyohiyo mwalimu akatumbukia dimbwi namba sita hadi gotini. Akarudi darasani anachuruzika maji, akaifuta ile tatu mbele ya wote, akaandika tisa. "Kumi sikupi," akamwambia, "hukuandika kwamba linateleza." Alimaliza sekondari mwaka 1969 na kupata cheti cha upimaji ardhi mwaka 1972.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa na idara ya upimaji, kwanza kubeba vyombo, kisha kusimamia njia za mlimani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza inayoyumba, ramani iliyojaa pini na makoti ya mvua ambayo hayakuwahi kukauka. Wageni walizoea kumuuliza Kilele chenyewe kiko wapi, hali wamesimama juu yake. Hakina jabali la kupigia picha. Ni uwanda mpana wa kinamasi, vishungi vya nyasi na maji meusi, ulioinuliwa hadi kwenye mawingu, na ukiruka mahali ulipo, ardhi hutikisika hatua tano mbele yako. Marehemu alipanda zaidi ya mara elfu moja na mia mbili, na hakuzoea hata siku moja. Kila akifika alivua kofia. Alisema pale mtu anatembea juu ya ngozi ya maji, na maji yamemruhusu tu.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na karani wa posta. Alimpata kwa kujiandikia barua mwenyewe, ili awe na sababu ya kupanga foleni dirishani kwake. Barua ya nne, yule dada akaikagua mwandiko, akamtazama usoni. "Kaka, hizi unajiandikia mwenyewe." Naye akajibu, "Sasa wewe ukikataa kuniandikia, nifanyeje?" Walijaliwa watoto watatu. Mama huyu, pamoja na mapenzi yote, hakukanyaga mlima. "Nauona vizuri tu kutoka dirishani," alisema, na mjadala ukaishia hapo kwa miaka arobaini na sita.

Kilele kilikuwa na njia mbili. Ya bondeni hufuata kijito, kilomita kumi na moja, salama lakini ndefu. Ya mgongoni hupita mawe na upepo, na machela haipiti. Mwaka 1988 mpandaji alivunjika mguu huko juu, na kumteremsha kwa njia ya bondeni kulichukua saa tisa. Marehemu alikuwa ameshika upande mmoja wa machela. Tangu siku hiyo alitaka njia ya tatu, kilomita sita, ikatize kinamasini moja kwa moja.

Aliiweka mwaka 1991, wakati wa kiangazi, na hapa familia imeona isifiche kitu, maana yeye mwenyewe hakuficha. Alifanya kosa la mpimaji. Kipimo chake kilimwonyesha pale palipo sawa kuliko kote, pa kijani na pazuri, naye akapigilia vigingi hapohapo. Mvua ziliporudi, kumbe usawa ule ulikuwa majani yanayoelea. Waokoaji wawili walizama hadi kiunoni, na ilibidi wavutwe kwa kamba. Hakuna aliyekufa. Marehemu aling'oa vigingi vyote mia moja themanini na vinne kwa mikono yake, na ripoti yake ikaanza na maneno, "Kosa ni langu."

Akaweka na sharti, na idara ikalipitisha: njia haifunguliwi mpaka mtu ambaye hajawahi kuipita aipite kwenye ukungu, na anayeijua amfuate nyuma bila kutamka neno. Akisaidiwa, njia imefeli.

Alianza upya mwaka 2004. Safari hii hakuamini kipimo, aliamini nyayo. Alifuata vishungi vya nyasi kavukavu, kimoja baada ya kingine, kwa miaka kumi na minane, hadi vikatimia vigingi mia tatu na kumi na moja. Mapafu yake yalikuwa yameshaanza kuugua mwaka 2019. Kufikia Septemba 2023 alikuwa hatoki kitandani, na idara ikaandika kwamba njia isipojaribiwa kabla ya mwisho wa Oktoba, vigingi vitaondolewa. Lakini nani aipite? Ukungu huja bila taarifa, kwa hiyo alitakiwa mtu wa hapa karibu, na watu wote wa karibu walishambebea vigingi. Alibaki mmoja.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Oktoba ukungu ulishuka hadi kwenye paa. Mama, mwenye miaka sitini na minane, akasimama dirishani, hakuona mlima wala geti. Akavaa mabuti ya mpira ya mumewe, soksi jozi tatu. Binti yao mkubwa, ambaye ni mpimaji na ndiye anayewasomea wasifu huu, alimfuata nyuma amefunga mdomo.

Kwenye kigingi cha mia mbili na saba mama alisimama. Mbele hapakuonekana kitu. Kulia na kushoto maji yalikuwa kimya kabisa, meusi, hayana mwisho. Binti alijua kigingi kinachofuata kiko upande gani, na aliuma skafu yake asiseme. Zilipita dakika kumi na nne. Mama akachoka, akaegemea kigingi, na vidole vyake vikaingia kwenye pengo lililochongwa ubavuni. Akalipapasa. Lilielekea kushoto. Akaenda kushoto.

Mapengo ya namna hiyo yapo kwenye kila kona, yakielekea kigingi kinachofuata. Wabebaji walikuwa wakinung'unika kwamba mzee ameyachonga chini mno, mtu mzima lazima ainame. Mama hakuinama hata mara moja.

Alifika Kileleni saa tano na dakika ishirini. Hakukuwa na cha kuona isipokuwa weupe mtupu, na ardhi ikipumua chini ya mabuti. Alilia, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anakuja huku."

Jioni mama alikaa kitandani kwa mumewe na kumuuliza kwa nini amechonga chini hivyo.

"Nilikupima jikoni, ukifungua kabati," marehemu akasema.

"Lini?"

"Mwaka ule nilipoanza."

"Na kama nisingekwenda?"

Alihema kwanza. "Ningekuwa nimekutengenezea, basi."

Alitia saini fomu ya kufungua njia siku ya Jumatano. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na njia ya tatu, ambayo iko wazi kuanzia leo. Apumzike kwa amani, na miguu yake iwe mikavu.