Hatua Aliyoificha Gracjan

LUDWIK: Haloo? Nani mwenzangu?

GRACJAN: Mimi, Gracjan.

LUDWIK: Aa, mbuzi wa majabali! Habari za milima ya Zakopane? Idara nzima ya hesabu hapa Wrocław inakuulizia. Nimewadanganya una mafua.

GRACJAN: Salama tu. Sikia, Ludwik—

LUDWIK: Makelele gani hayo? Mnatwanga?

GRACJAN: Upepo wa halny, ule wa mlimani unaotia wazimu, tangu jana. Hata mbwa wa hapa kibandani wanaumana bure. Una kalamu?

LUDWIK: Ya nini?

GRACJAN: Ile hatua ya mwisho ya uthibitisho wetu. Andika.

LUDWIK: [anacheka] We! Miaka mitatu nakubembeleza! Kila ukienda kupanda milima, "Nitakwambia nikishuka." Leo umekunywa nini?

GRACJAN: Andika bwana, sina muda.

LUDWIK: Gracjan. Unakwenda wapi?

GRACJAN: Vijana wawili wamekwama kwenye genge la mlima. Waokoaji tuko wanne tu—

LUDWIK: Na upepo huo? Mmerogwa?

GRACJAN: Asubuhi tuliwasikia wakiita. Sasa kimya.

LUDWIK: Kumbe unanigawia urithi. Siutaki! Sina kalamu.

GRACJAN: Acha utoto! Tuseme ile namba tunayosema haipo, ipo. Chagua iliyo ndogo kuliko zote—

LUDWIK: Sisikii! Laini mbovu!

GRACJAN: —igawe, unapata nyingine ya aina ileile, ndogo zaidi. Basi ile ya kwanza haikuwa ndogo kuliko zote. Kwa hiyo namba yenyewe haipo. Umeona?

LUDWIK: [makwaruzo]

GRACJAN: Ludwik? Upo?

LUDWIK: Nipo. Ina kosa.

GRACJAN: Nini?

LUDWIK: Ina kosa, profesa. Kubwa, la aibu.

GRACJAN: Haiwezekani! Wapi? Kwenye kugawa?

LUDWIK: Sikwambii.

GRACJAN: Wananiita huku, kamba ziko tayari! Sema!

LUDWIK: Naogopa, Gracjan, unanisikia? Ukitaka kulijua, shuka mlimani, uje nikuonyeshe ubaoni. Kwa simu hulipati.

GRACJAN: Mshenzi wewe! Hakuna kosa hapo! [makwaruzo] —nakuja kukuumbua mbele ya idara nzi—

LUDWIK: Njoo! Njoo uniumbue! Haloo? Gracjan? Haloo?

[Laini imekatika.]

LUDWIK: Haina kosa, ndugu yangu. Haina hata chembe.