Mzee Kamande Hakuomba Kitu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mugo, mpwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba kabla hatujamsafirisha kwenda Murang'a, nami nitayasoma yalivyo, hata pale yanapouma.

Mzee Phineas Kamande Njuguna alizaliwa mwaka 1922 huko Kangema, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na tarehe 9 Februari 1942 akaandikishwa jeshini Nairobi, akapelekwa Burma, ambako mwaka 1944, mvua ikiwanyeshea msituni, afisa mmoja Mwingereza aliwasomea gazeti kwamba vita vikiisha kila mgonjwa atatibiwa bure na kila mzee atatunzwa, na mjomba, masikini, akajihesabu na yeye.

Alirudi 1946, akaajiriwa udresa, kusafisha na kufunga vidonda hospitalini, na Julai 1948, mpango ule wa matibabu ya bure ulipoanza Uingereza, alimwuliza daktari Mwingereza aliyemsimamia, wetu unaanza lini, daktari akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia hayo ni ya Waingereza. Tangu siku hiyo mjomba hakumwomba mtu kitu. Alikuwa na kichwa kigumu, jamani, tuseme ukweli.

Alimwoa Bridget Wanjeri tarehe 16 Desemba 1950, wakangoja miaka kumi na mmoja ndipo wakajaliwa binti mmoja, Wairimu, ambaye mama alipofariki alimleta baba yake hapa Gaithersburg, Marekani, Mei 2004. Kazi ya Wairimu ni kumwogesha na kumlisha mzee mmoja wa Annandale, askari wa vita vilevile, ambaye serikali yake inamlipia matunzo yote, na kila jioni mjomba alimwuliza, "Mwenzangu ameshindaje? Amekula?" naye akamsimulia, asijue kwamba baba yake, asiye na bima, anatokwa na damu, na anafua nguo zake mwenyewe binti akishaondoka kwenda kazini, ilhali dresa wa miaka thelathini aliujua vizuri ugonjwa ule.

Alianguka bafuni tarehe 3 Novemba 2005, akalazwa, saratani ya utumbo ikiwa imeshaenea, na tarehe 12, saa nane mchana, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari waliompokea bila kuuliza kadi, majirani waliotupikia, na wenzake Wairimu waliomshikia zamu.

Wairimu ameniomba niseme mbele yenu kwamba hakujua. Ni kweli, dada, hukujua. Mimi nilijua. Aliniambia Septemba, akanikataza kusema, na kwetu mpwa havunji neno la mjomba, laana yake inaogopwa, basi nikanyamaza miezi miwili.

Mjomba, pumzika kwa amani. Dada, ukiweza, unisamehe.