Kidonda Nilichokiita Mgongo

Mama zangu, baba zangu, kaeni. Mama mwenyekiti aliniomba wanaume watoke kwanza. Nimekataa. Wabaki, na kaka yetu wa kwaya abaki hapa kando yangu awatafsirie watoto kwa Kiingereza, kama kila Jumapili. Niliugua kansa ya mashavu ya uke. Ndiyo, nimesema uke kanisani. Paa halijaanguka.

Ilianza mtoto wangu wa pili akinyonya. Muwasho, tena wa kukaa. Nikapaka dawa ya fangasi ya famasi, ukatulia, ukarudi. Shangazi mmoja akaniambia kwa simu, "Ni mambo ya uzazi hayo, kalia beseni la maji ya moto na chumvi." Nikakalia. Ndugu zangu, nawaambia, chumvi kwenye kidonda! Niliuma taulo.

Nikaenda kwa daktari wa huku ugenini, asiyejua Kiswahili. Mnajua kazi yangu, naosha wazee, na Kiingereza changu ni cha hukohuko: geuka, fungua mdomo, meza. Cha mwili wangu mwenyewe sina. Daktari akampigia simu mkalimani, akaweka spika. "Jambo mama, eleza shida yako." Nikaijua ile sauti. Ni hii hii mnayoisikia sasa. Kaka, usikohoe, tafsiri.

Mtu ninayeimba naye, ningemwambia nini? Nikasema, "Ni mgongo." Nikarudi nyumbani na vidonge vya mgongo. Yeye hakukosa lolote. Kazi yake ni kutunza siri, na kusimulia haya nimemwomba ruhusa. Aliyenikosea ni aibu, ile tuliyofundishwa tangu utotoni, tuseme "kule chini" kama vile ni kwa jirani. Inanikasirisha mpaka leo.

Miezi ikapita. Na kazini, nikiona wekundu kwenye kisigino cha bibi ninayemwosha, dalili ya kidonda cha kulala, naripoti kabla ya chai! Bibi mmoja mzungu, mkali kama pilipili, akaniona nakalia upande mmoja.

"Mimi unanikagua kila asubuhi," akasema. "Wewe nani anakukagua?"

"Hakuna."

"Na kioo huna? Mjinga wewe."

Nilichuchumaa bafuni juu ya kioo cha mkono. Upande mmoja ngozi imekuwa nyeupe na ngumu, na katikati kidonda kinatoa damu. Nikaipigia kliniki: nataka mkalimani mwanamke, wa jimbo lingine, na jina langu asipewe. Wakasema, "Sawa." Sawa! Kumbe siku zote iliwezekana, na hakuna aliyeniambia. Nililia kwa hasira.

Nikapelekwa hospitali, wakakata kipande kidogo cha ngozi wakakipima. Kansa. Wakaiondoa yote, wakatoa na tezi za kinena kuangalia kama imefika huko. Haikuwa imefika. "Ungengoja zaidi..." daktari akaanza, hakumalizia. Nilimtazama mtoto wangu kwenye kigari, nikamalizia mwenyewe.

Mume wangu aliyenisafisha mshono bila kukunja uso, asante. Mama zangu mlionipikia bugali wetu wa nyumbani na kunibebea mtoto bila kuuliza naumwa nini, asanteni, sasa mmejua. Bibi yangu mkali, asante.

Na ninyi, jitazameni. Muwasho usioisha, kidonda kisichopona, uvimbe, ngozi iliyobadilika rangi, damu isiyo ya hedhi, mkojo unaochoma. Mara nyingi si kansa. Lakini aseme daktari, si shangazi. Na msiniambie mlishapimwa shingo ya kizazi. Kipimo kile hakikagui ngozi ya nje. Watoto wakiletewa chanjo ya kansa ya shingo ya kizazi shuleni, waacheni wachanjwe, maana virusi inavyovizuia vinaweza kuleta na hii yangu.

Kaka, neno moja, lile lisiloangusha paa, umekuwa ukilimung'unya tangu nianze. Nimekusikia. Mabinti wetu wamekaa kule nyuma, hawakulipata. Lirudie, kwa sauti ile unayoimbia.