Noeli ya Mwezi wa Saba

Mheshimiwa Mchungaji Firmin. Waheshimiwa wazee wa kanisa, ukiwemo wewe Mzee Évariste, ambaye leo sitakuacha salama. Mgeni wetu wa heshima, dada yetu Mama Spéciose. Akina mama wa jikoni, ambao harufu ya sombe yenu, kisamvu cha kwetu, inaninyang'anya wasikilizaji. Ndugu wageni waalikwa kutoka mitaa ya Observatory na Braamfontein. Na ninyi vijana, mtakaonisikia kwa Kiswahili na kunisengenya kwa Kiingereza: Bwana asifiwe, na Noeli njema!

Naona mgeni mmoja pale nyuma anatazama simu yake. Ndugu, tarehe yako ni sahihi. Ni Julai, mwaka 2018, tuko Malvern, huku kusini mwa dunia, na baridi hii inayotutafuna ni ya kweli. Mimi ni Damien, fundi cherehani na mjumbe wa baraza la wazee, na nimepewa kazi mbili. Ya kwanza, kumuaga Mama Spéciose, anayeondoka wiki ijayo kwenda kwa binti yake Chloé huko Kanada. Ya pili, kutangaza uamuzi wa wazee: je, Noeli hii aliyoianzisha itabaki, au inapanda ndege pamoja naye? Uamuzi ninao. Lakini nikiutoa sasa mtakimbilia sahani, kwa hiyo mtanivumilia.

Wageni wajue ilivyoanza. Mama Spéciose ni msusi, kazi yake iko Jules Street. Ikifika Desemba, mji mzima unataka kusukwa kabla ya kusafiri kwenda makwao. Wakati wengine wamesimama kanisani kuimba, yeye alikuwa amesimama saluni, kichwa cha mtu mikononi, redio ikiimba habari za theluji huku jasho linamtiririka. Na hakuwa peke yake. Walinzi walikuwa zamu, wachuuzi walikuwa barabarani. Ni nani basi aliyekuwa kanisani? Mimi, Mchungaji, na viti.

Siku moja akaja mbele ya baraza akasema, "Wazee wangu, tuimbe tena Julai, tunapopata nafasi." Eish! Mzee Évariste aliruka kama mtu aliyekalia sindano.

"Mwezi ya saba haina Noeli!" akasema. "Yesu atazaliwa mara ngapi?"

Mama Spéciose akamjibu kwa adabu: "Mzee wangu, Biblia haikutuandikia tarehe. Watu wa kaskazini waliiweka sikukuu kwenye baridi yao, siku fupi, giza jingi, ndiyo maana ya mishumaa yao. Sisi Desemba tunawasha mshumaa jua bado liko juu. Tunamwangazia nani?"

Ndugu zangu, nyimbo za Noeli nimeziimba tangu utotoni kule Uvira, na sikuwahi kujiuliza. Chukueni lile tawi bichi la kwenye wimbo, la kutundika mlangoni. Desemba hapa kila kitu ni kibichi, hata magugu ya kando ya reli. Tawi litamwambia nani jambo gani? Lakini mmeona huko nje mlipokuja. Nyasi zimekauka, miti iko uchi, na msonobari wa pale uani umekataa kufa. Hapo ndipo wimbo wa tawi unaposema: upo uhai ambao baridi haiuwezi. Na mshumaa je? Saa kumi na mbili hii giza limeshaingia na magoti yanauma, mshumaa si pambo tena. Ni Nuru iliyotujia bila kungoja mapambazuko.

Hata hivyo, kilichomaliza kesi ni wachungaji wa kondoo. Mwaka ule wa kwanza, baraza liliporuhusu tujaribu, Mama Spéciose alikataa kuwavisha watoto mashuka waigize wachungaji. "Wale walikuwa watu wa kazi," alisema, "walikuwa zamu. Walinzi si tunao?" Basi akawaita walinzi wetu waje na makoti yao ya kazini na tochi zao. Mmoja wao alikuwa Cédric, mwana wa Mzee Évariste, anayelinda ofisi kule Braamfontein. Kila Desemba kiti chake nyumbani kilikaa kitupu, na baba yake alikuwa akisema tu, "Yuko kazini," kisha anabadili mazungumzo.

Cédric akaingia, kofia imefunika masikio, tochi mkononi. Kabla hawajaimba, Mama Spéciose akatuuliza: "Malaika aliwapelekea nani habari kwanza? Waliolala vizuri? Aliwafuata waliokuwa kazini. Wala hakuwauliza kwa nini hawakuja hekaluni."

Nikamtazama Mzee Évariste. Analia waziwazi. Usitikise kichwa, Mzee. Leso ilikuwa yangu! Tangu mwaka ule makaa ya sikukuu hii anayanunua yeye, ingawa mpaka juzi alikuwa akiiita "ile mikutano yenu ya Julai".

Sasa uamuzi. Juzi baraza lilikaa, na tulikuwa wanyonge. Spéciose akiondoka, nani atawakusanya watu? Nani atatueleza tunachokiimba? Mmoja wetu akashauri tuifunge kwa heshima. Ndipo Mzee Évariste akainuka na fimbo yake, akauliza: "Nani kati yenu ataenda kwa mwanangu getini, amwambie kwamba malaika wamefunga ofisi?"

Hakuna aliyejitolea. Basi, ndugu zangu, Noeli ya Julai inabaki, na atakayeiongoza ni yuleyule aliyesema mwezi wa saba hauna Noeli! Vigelegele, akina mama, mnangoja nini?

Mama Spéciose, tunaumia kukuachia uende, sitaficha. Huko uendako baridi na Desemba vimeshapatana, na ile theluji ya redioni utaikanyaga kwa miguu yako. Lakini Julai ikifika, jua likikuchoma, tunaomba uwashe mshumaa mmoja dirishani. Wajukuu watakucheka. Wakikuuliza, "Bibi, unamwangazia nani mchana huu?", waambie: watu wa Malvern.

Nawashukuru wote kwa kunipa masikio yenu katika baridi hii. Mama, mkabidhi Mzee mshumaa. Mzee, angalia ndevu. Na wewe Cédric, najua uko hapo nje na wenzako: mlango uko wazi, ingieni, tuwaimbie.