Mraba wa Kumi na Mbili wa Mama Pini

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, sikilizeni sauti hii.

Tik.

Hiyo ni kucha ya mtu ikigusa karatasi. Mnaijua. Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi saa tisa alasiri, mlisikia kucha kwanza, kisha mkamsikia mwenyewe akisema, "Mraba wa kwanza." Watu wakaacha walichokuwa wakifanya.

Mwenye kucha ametutoka. Mama Pini amefariki. Alifariki siku ya Jumapili, chumbani kwake, akiwa amekaa kwenye kiti. Leo tunamkumbuka. Binti yake wa pekee, fundi wa kusaga vioo vya miwani, yuko nami hapa studio. Amekaa kwenye kiti kilekile cha mama yake. Amenipa ruhusa nieleze yote. "Eleza, dada," ameniambia. "Ila usinipambe."

Mama Pini alikuwa mpiga pini katika kiwanda cha uchapaji. Nasema tena, mpiga pini. Hakuwa mwalimu wala mchoraji. Kwa miaka thelathini na mmoja alikunja karatasi, akazipanga, akazipiga pini mbili mgongoni, kikawa kitabu. Kalenda, risiti, vitabu vya nyimbo, ratiba za mazishi, vyote vilipita mikononi mwake.

Katika kazi hizo zilikuja nyingine ndogo, za watu wasiojulikana. Mtu anakuja na michoro yake kwenye bahasha, anataka nakala hamsini tu za vibonzo, basi. Hakuna duka litakaloviuza. Vibonzo vyenyewe si vya kuchekesha. Nakala moja ikichapwa vibaya, wino umemwagika au ukurasa umepinda, inatupwa kwenye kapu. Mama Pini akaanza kuokota kwenye kapu lile. Akapeleka nyumbani. Akasoma.

"Nilikuwa nadhani katuni ni za watoto," aliniambia siku ya kwanza alipokuja hapa. "Halafu nikakutana na kile cha fundi wa lifti."

Mnakikumbuka cha fundi wa lifti? Miraba yake, yaani visanduku vya picha, ni mirefu na myembamba kama shimo la lifti, na unaanza kusoma chini ya ukurasa ukipanda juu. Kila ghorofa mlango unafunguka, na kila mlango mtu yuleyule anasubiri, amezeeka kidogo. Au kile cha muuguzi aliyechora vitanda tu, vitanda themanini, bila mgonjwa hata mmoja, na bado ukawajua wagonjwa wote kwa namna shuka zilivyokunjika. Au kile cha mwanamke ambaye baba yake alikuwa anasahau, na mistari ya michoro inafifia ukurasa baada ya ukurasa, mpaka unakisogeza kitabu dirishani utafute kama bado kuna mtu.

Vitabu hivyo tulivijua kwa sababu ya mpiga pini. Aliviokota kapuni.

Mtu angeuliza, vibonzo redioni vinasomwaje? Mkurugenzi wetu aliuliza hivyohivyo. Mama Pini akamjibu, "Bosi, wewe unasoma taarifa ya hali ya hewa, mvua unaiona?" Akapewa dakika kumi.

Akawa anasoma mraba mmoja mmoja, taratibu. Aligusa mraba kwa kucha, akasema kilichomo, akanyamaza kidogo, akaenda mwingine. Ule ukimya ndio uliokuwa ufundi wake. Alituambia, "Picha haisemi kilichotokea. Kimetokea katikati ya picha mbili, pale peupe. Pale pembamba. Ukipita haraka umepitwa." Mimi niliyesoma masomo ya jioni, nikisinzia dawatini na mwanangu mgongoni, sikuwahi kufundishwa kusoma hivyo.

Na alikuwa na sheria moja. Mraba wa mwisho hakuusoma. Kamwe. Alifunga kitabu, akasema, "Huu ni wako, katafute." Wengi wenu mlikwenda mkatafuta. Mliwapata wachoraji hao kwenye vibanda vya kunakili karatasi, kwenye meza za nyuma za maktaba, kwa marafiki wa marafiki. Mliokosa kitabu mlichora mraba wa mwisho kwa akili zenu, mkatutumia kwa posta. Kabati letu limejaa bahasha zenu.

Sasa niwaeleze Alhamisi yake ya mwisho.

Alikuja na kitabu chembamba chenye jalada la kijivu. Hakina jina mbele. Nikamuuliza, mama, hiki cha nani? Akasema, "Cha mtu mmoja hivi." Nikanyoosha shingo nichungulie. Akakivuta kifuani. "Na hiyo shingo yako, mwanangu. Utaishia kuona jalada tu."

Akasoma. Mraba wa kwanza, chumba. Kitanda, kabati, rafu ya vitabu, koti kwenye msumari, zulia, redio, taa, saa ya ukutani, pazia, kiti, na meza yenye vikombe viwili. Mlango umefungwa. Mraba wa pili, chumba kilekile, koti halipo. Mraba wa tatu, saa haipo. Hakuna aliyeonekana akiingia, hakuna aliyeonekana akitoka. Kila mraba kitu kimoja kimeondoka. Rafu na vitabu vyake vikaondoka kwa pamoja. Kitanda kikaondoka. Mraba wa kumi na moja, kimebaki nini? Meza, vikombe viwili, mlango uliofungwa. Hata kiti hakipo.

Akafunga kitabu. "Wa kumi na mbili ni wako, katafute."

Fundi mitambo wetu, ambaye huwa anakula karanga kipindi kizima, siku hiyo alikuwa ameacha kutafuna.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili Mama Pini akafariki.

Aliyemkuta ni jirani yake, mama mmoja mshona mapazia. Nilikwenda kumpa pole, akanieleza hivi:

"Jumatatu asubuhi niligonga nirudishe mkasi wake. Kimya. Nikasukuma mlango. Amekaa, mwanangu, ameugeukia mlango, kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Mezani kuna vikombe viwili vya chai. Cha kwake kimekwisha. Kile kingine kimejaa, na amekifunika kwa kisosi kisipoe. Nikaviosha, nikavirudisha mahali pake. Siku ya msiba nani anaulizia vikombe?"

Nikaondoka na maneno hayo, sikujua niyaweke wapi.

Baada ya mazishi, binti yake akaja hapa ofisini. Macho yamevimba. Alikuwa na swali moja tu. "Dada, kile kitabu cha mwisho mama alikiweka wapi? Nataka kuona mraba wa mwisho."

Akanieleza kwa nini. Yeye na mama yake hawakuwa wakizungumza kwa wiki tano. Alitaka mama ahamie kwake. Nyumba ya binti ni ndogo, na vitabu vilikuwa mia mbili na kumi na viwili. Akamwambia, "Mama, njoo wewe, hayo makapi ya kiwandani yaache." Makapi. Mama yake akaendelea kupanga rafu. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga simu.

Lakini Alhamisi ile binti alisikiliza redio, akiwa kazini kwenye mashine ya kusagia vioo. Chumba kilichosomwa alikijua. Koti lile, zulia lile, pazia lile. Ni chumba cha mama. "Nataka kujua kama mwishoni kuna mtu," aliniambia. "Au alimaliza peke yake."

Tukatafuta. Vitabu mia mbili na kumi na viwili, tukavifungua kimoja kimoja. Hatukukipata. Tukaenda kiwandani. Msimamizi akafungua daftari la kazi, akapitisha kidole mwezi mzima. "Kazi kama hiyo hatujawahi kuichapa," akasema. "Jalada la kijivu? Hilo ni la vitabu vitupu. Huwa tunampa mteja ashike, aone unene wa karatasi kabla hatujachapa. Ndani hamna kitu."

Binti akashika kichwa. Kitabu kitupu alikuwa amekiona kwenye rafu. Alikipita mara tatu, kwa kuwa ndani hamna picha.

Ninacho hapa mezani. Kina kurasa kumi na mbili. Kila ukurasa una mraba mmoja, umepigwa kwa penseli na rula. Ndani ya miraba hamna mchoro, hata nukta. Ila ukikiinamisha kwenye mwanga, unaona alama ndogo za kucha. Miraba kumi na moja ina alama. Wa kumi na mbili ni laini kabisa.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Pini alitusomea kitabu ambacho hakikuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na sikujua.

Binti alikata tamaa. Akasimama aondoke. Hapo ndipo nilipokumbuka bahasha zenu. Zilikuwa kumi na tisa wiki ile, na nilikuwa bado sijazifungua. Nikasema, tuzifungue, angalau aone watu walivyompenda mama yake.

Tulizipanga sakafuni. Mraba wa kumi na mbili, mara kumi na tisa. Wengine walichora giza. Mmoja alichora meza tu. Lakini saba kati yenu, dereva wa lori, kinyozi, mwalimu mstaafu, na wengine wanne wasiojuana, mlichora mlango uleule umefungwa, na chini ya mlango, kwenye uwazi mwembamba, miguu miwili ya mtu aliyesimama nje. Mguu mmoja umeelekea mlangoni. Mwingine umegeuka pembeni, kama wa mtu anayetaka kuondoka.

Saba. Na wote mguu wa kulia ndio umegeuka.

Nimesikiliza kanda tena na tena. Mama Pini hakutaja miguu. Hakutaja mtu. Na bahasha zote saba zina muhuri wa posta wa Ijumaa.

Binti alikaa chini palepale sakafuni. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Jumapili nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwake, kama dakika kumi. Mguu mmoja unaniambia ingia, mwingine unaniambia rudi. Sikugonga. Nilimsikia anakohoa. Nilisikia kikombe kimewekwa mezani, halafu kingine. Nikajua ana mgeni. Nikaona nisiwasumbue, nikaondoka."

Nikamshika mkono. Nikamwambia alichonieleza yule jirani. Hakukuwa na mgeni mwingine. Kikombe cha pili kilikuwa kimejaa. Kilikuwa kimefunikwa.

"Alijua," akasema. Akarudia taratibu. "Alijua niko pale."

Kwako binti wa Mama Pini, kwa mama mshona mapazia, kwa mafundi wote wa kiwanda waliofanya kazi naye bega kwa bega, poleni sana. Sisi wa kituo hiki tumefiwa pamoja nanyi. Vile vitabu mia mbili na kumi na viwili havitupwi. Binti ametoa kitanda cha wageni, ameweka rafu, na amesema anayetaka kuja kusoma aje. "Nimeanza na cha fundi wa lifti," ameniambia. "Nimefika ghorofa ya sita."

Nanyi mnaonisikiliza, leo mkirudi nyumbani tafuteni kitabu kimoja kilichotengenezwa na mtu asiyejulikana. Kisomeni taratibu. Msipite haraka pale peupe. Na kama kuna mlango mlisimama mbele yake mkaondoka, fikirini aliyeko ndani anasikia nini.

Nimalizie na jambo la leo asubuhi. Tulikuwa tunajaribu vinasa sauti. Binti alikifungua kitabu cha kijivu kwenye mraba wa kumi na mbili. Hakuchora kitu. Alikunja kidole, akagonga karatasi, kama mtu anayebisha hodi. Aligonga mara mbili. Nilikuwa mbele yake, nilikiona kidole. Mara mbili.

Fundi mitambo ameisikiliza kanda hiyo mara nne, karanga zake zimekaa mezani. Anasema sauti za kugonga ziko tatu, na ya tatu imetoka upande wa ndani wa karatasi.

Mimi sisemi kitu. Zimeni majiko, funga dirisha mwenye dirisha, tukae kimya pamoja. Sauti ni hii. Hesabuni wenyewe.