Kiti Chenye Masikio

Benchi la mbele ya baa ya Nerina lina wenyewe. Saa nne asubuhi, kahawa ya kwanza ikishanywewa na kikombe kusuuzwa kwa tone la grapa, pombe kali ya zabibu, utatukuta walewale: kaka yangu Onorino, ambaye Manzano nzima, mji wetu wa mafundi viti, inamwita Tutaona kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila jambo, Tarcisio, aitwaye Milimita, aliyekagua viti kwa miaka thelathini na nane (si arobaini, kama anavyopenda kusema), Nerina mwenyewe, tunayemwita Redio, akisimama mlangoni na kitambaa begani, na mimi pembeni. Alhamisi moja ya Septemba 1984 alikuja Edda, binti wa marehemu kaka yetu mkubwa, amebeba kiti mgongoni kutoka karakana yetu, akakitua mbele ya benchi. Miguu yake minne haikufanana, mmoja umevishwa kiatu chekundu cha mbao. Egemeo lilikuwa na masikio mawili makubwa, kikalio cha nyasi kimesukwa kwa kuzungushwa kama konokono, na kiti kizima kiliinama kushoto. Lori la maonyesho ya Milano lilikuwa lije kabla ya mchana kuchukua viti vyetu. Kisicho na chapa ya ukoo chini ya kikalio hakipandi, na ruhusa ya chapa hutoka kwa Onorino peke yake. Milimita, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kukichora msalaba wa chaki nyekundu jana yake. Kwetu msalaba huo maana yake tanuri.

— Hiki si nilishakihukumu? — Milimita akauliza. — Kimefikaje hapa?

— Nimekitoa kwenye foleni ya kuchomwa, — Edda akasema. — Na chaki yako nimeipaka vanishi isifutike. Imependeza.

— Una kichwa kigumu, wewe!

— Nimekirithi hapo kwenye benchi.

Milimita akakipindua kiti miguu juu, akagonga viungo kimoja kimoja, akakisimamisha, akaweka pimamaji.

— Sentimita mbili na milimita nne! Mtu akikikalia mwaka mmoja, nyonga inahama. Miaka miwili, anatembea upande kama kaa.

— Atafika tu. Kinainama kwa makusudi, Mzee Tarcisio. Ukikaa, bega lako linamgusa wa pembeni yako. Waliokosana hawawezi kununiana.

Nerina naye akaja, akakipindua, akachungulia.

— Mimi naogopa masikio, — alisema. — Weka vinne vya namna hii jikoni, nani atathubutu kumsema mama mkwe? Nyumba zitakuwa kimya. Watu wataanza kula wamesimama. Wakishazoea kusimama, viti vya nini tena? Manzano imekwisha!

— Na baa yako?

— Baa itapona. Walevi wangu wanasimama tangu zamani.

— Hayo madogo, — kaka yangu akaingilia. — Wajerumani wakiona chapa yetu kwenye kitu hiki, watasema mji mzima umelewa. Watavipima viti vyote tulivyowauzia tangu vita. Watavirudisha. Malori kwa malori! Tutajaza viwanja, tutajaza mto, mtu atavuka mpaka Yugoslavia kwa kukanyaga viti.

— Basi tutakuwa tumepata daraja, Baba mdogo.

— Usinitanie! Chapa ile ina heshima tangu 1921.

— 1923, — nikasema.

Wakanigeukia. Si kawaida yangu kusema pale.

— Na mwaka 1934, — nikaendelea, — Baba alimtengenezea jirani yetu Catine kiti chenye miguu miwili mifupi, kwa kuwa sakafu ya jikoni kwake ilikuwa mteremko. Kipo hadi leo. Kina chapa. Nimeiona.

— Ile ilikuwa haja, — Milimita akasema. — Hii ni michezo.

— Na kucheza si haja? — Edda akapaza sauti mpaka mwenye duka la mkate akatoka nje. — Bibi alisuka vikalio hadi vidole vikachanika, na hakuna siku aliyoruhusiwa kusuka anachotaka. Mimi nasuka konokono. Mnataka kukichoma? Kichomeni nikiwa natazama. Kesho natengeneza kingine, na hicho nakiwekea mkia!

Onorino alikivuta kiti kwake, akakipindua mara ya tatu. Ndipo lori likasimama, na dereva, mgeni kutoka Padova, akashuka na karatasi zake.

— Samahani, wazee wangu. Hiki nacho kinapanda? Ukikikalia, kikoje?

Nerina akamtazama Milimita. Milimita akaitazama pimamaji yake. Sisi wanne tulikuwa na zaidi ya miaka mia moja na hamsini ya viti, na wote tulikijua kiti kile kwa upande wa chini.

— Nauliza tu, — dereva akasema. — Nani amekikalia?

Kaka yangu akakisimamisha kiti ubavuni mwa benchi, akakaa taratibu, kama anayeingia kwenye maji baridi. Kikamwinamisha hadi bega lake likatua kwenye bega la Tarcisio. Tarcisio hakusogea.

— Sasa nipakie au nisipakie?

— Edda, — Onorino akaita bila kuinuka, — chuma cha chapa umekiweka motoni?

— Tangu saa kumi na mbili asubuhi, Baba mdogo.