Homa Iliyotoka Kwenye Maziwa ya Nyumbani

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe hata na magoti yangu, maana leo yamenileta hapa mbele yenyewe!

Ndugu zangu, niliolewa hapa Kitale na wengi mnanijua kama Mama Wekesa wa maziwa. Lakini nililelewa Kachibora. Asubuhi mama yangu alikuwa anakamua huku akiimba, nami nimechuchumaa na kikombe cha bati. Ananikamulia humo humo, povu linanipanda puani! Hatukuchemsha. Nani angechemsha kitu kitamu hivyo? Hadi leo nikisikia harufu ya zizi lenye umande, namwona na leso yake ya kijani. Alipofariki, aliniachia mtamba mmoja, nikamwita Sifa. Alipoanza kukamuliwa niliwauzia majirani maziwa yake, na mimi nikayanywa mabichi. Nilihisi mama yuko karibu.

Kisha homa ikaja. Ilikuwa na ujanja, ndugu zangu! Inanilowesha jasho, inaondoka siku mbili, inarudi. Mgongo, nyonga, magoti! Nikameza dawa za malaria, nikameza za taifodi. Nilifunga na kuomba. Wengine wakanong'ona ati nimerogwa. Mwishowe nilikuwa nakamua nikiwa nimeegemea ubavu wa Sifa, mikono haina nguvu.

Dada yangu Nekesa, aliyeolewa Bungoma, alikuja kunisalimia akalia. "Dada, si wewe huyu. Chukua nguo zako twende kwangu."

Hospitalini huko, mama mmoja wa maabara alinitoa damu, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Uko na ng'ombe?"

"Niko naye."

"Amewahi kutupa mimba?"

"Mara mbili."

"Na maziwa yake unachemsha?"

Nikakasirika. "Mama yangu alikunywa hivyo mpaka akazeeka!"

Hakubishana. "Niletee kidogo, mama. Tuyapime pia."

Nekesa alirudi Kitale akayaleta kwenye chupa. Baada ya siku kadhaa tukaitwa. Damu yangu na maziwa ya Sifa vilikuwa na bakteria wale wale. Ugonjwa wenyewe wanaita brusela, ndio uliomfanya Sifa atupe mimba. Nililia, ndugu zangu. Nililia kama siku tuliyomzika mama. Hakukosea kunipenda, hakujua tu.

Nikaanzishiwa dawa za wiki sita. Lakini amani sikupata, maana nilikumbuka majirani. Wengi walitia maziwa kwenye chai yakachemka, ila wengine waligandisha mabichi wakanywa maziwa lala. Shetani akaniambia, nyamaza, nani atajua? Nikarudi Kitale, nikaenda mlango kwa mlango. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Kukhu Nanjala, huyu nyanya yetu ambaye kanisa lilikuwa linamwombea mgongo. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake. "Kukhu, nafikiri ni maziwa yangu."

Alijiinua kwa kiwiko, akanifuta uso kwa leso yake. Kisha akasema, "Basi nipeleke kwa huyo mama wa maabara. Kulia utalia njiani."

Akapimwa. Ni brusela! Tulimeza dawa pamoja, yeye ndiye aliyenipigia simu kila asubuhi kunikumbusha. Leo ameketi safu ya pili, na wimbo ukianza mtamwona akisimama!

Sifa alipopimwa, daktari wa mifugo alisema hawezi kubaki, ataambukiza wengine, lazima achinjwe. Dalali alitaka kumuuza sokoni kimya kimya bila kusema ni mgonjwa, nikakataa. Siku watu wa daktari walipomchukua nilimkumbatia shingo. Bado namkosa.

Nakushukuru, Yesu, kwa swali la yule mama wa Bungoma! Ndugu zangu, chemsheni maziwa. Na kama uko hapa na homa isiyoisha, mtumaini Mungu na usione haya kupimwa. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Njoo uniambie, na kesho asubuhi tutaenda hospitali pamoja, mimi na wewe.